Yai la Vuguvugu

Juzi asubuhi niliokota bilauri kwenye sinki nikaipeleka puani, kama nifanyavyo kwa kila chombo ambacho sikukiosha kwa mkono wangu, nikakutana na shombo. Haikuwa shombo ya samaki. Hiyo nimezaliwa nayo na hainisumbui. Ilikuwa ya yai bichi, ile harufu nyembamba ya baridi inayong'ang'ania kioo hata ukisugua kwa sabuni namna gani, mpaka uiendee kwa ndimu au jivu. Nyumbani kwangu mayai tunakula, lakini bilauri haina kazi na yai. Nilijua hapo hapo kwamba kuna mtu amelinywa.

Mtu mwenyewe ni mwanangu Rama. Ni kijana mrefu, mwembamba, ana kibarua cha kubeba mizigo ya wageni katika hoteli moja huku kwetu Diani, na tangu aanze kwenda Ukunda jioni kunyanyua vyuma na wenzake amejifunza mambo. Nilipomwita hakukana. Alisema ndiyo, anayapasua mayai matatu manne kwenye bilauri, anakoroga, anayashusha kwa mkupuo mmoja, na kwamba nguvu ya yai iko kwenye ubichi wake. Akaongeza, kwa ile sauti ya kunielimisha: "Ukilipika unaliua, mama."

Nilikuwa nimeshafungua kinywa nimseme, maana kusema najua, na yeye alikuwa ameshauandaa uso wa kusemwa. Lakini neno lile, unaliua, lilinikata maneno. Nilikaa kwenye mbuzi ya kukunia nazi, bilauri mkononi, na kijana akaniangalia kama mama mwenye kizunguzungu. Neno hilo ni langu. Nililitunga mwenyewe utotoni, sikumwambia mtu yeyote, na sasa linanirudia kinywani mwa mtoto wangu, ambaye hajui hata lilikotoka.

Nililelewa Msambweni na wazazi wa mama yangu. Mama, Riziki, alikuwa akifua mashuka hotelini na kulala chumba cha kupanga Ukunda, na siku yake ya mapumziko alikuja na sabuni vipandevipande zilizobaki vyumbani mwa wageni, ndogo, zenye harufu nzuri, tukizitumia kwa hesabu. Nyumba ya babu ilikuwa ya udongo na makuti, pembeni kabisa mwa kijiji, upande wa kwenda Ramisi. Nyuma yake mikorosho, mbele yake njia ya mchanga iliyopita kisimani kisha ikaenda mpaka msikitini. Watoto wenzangu walikaa huko karibu na msikiti. Sisi tulikuwa watu wa mwisho, na kwa mtoto kukaa mwisho ni raha, kwa sababu hakuna anayekuona unapopanda mikorosho ya watu.

Msikiti wetu haukuwa na umeme wala kipaza sauti. Ulikuwa na babu. Alikuwa mtu mdogo wa umbo, mpole kupita kiasi. Mbuzi wa jirani wakila muhogo wake alikwenda kuwatoa kwa kuwaomba. Mazungumzo yake ya kawaida ilibidi umsogelee ndipo uyasikie. Lakini akisimama pale kando ya msikiti akaweka viganja masikioni akaadhini, alikuwa mtu mwingine. Watu wazima waliniambia kwamba zamani sauti yake ilivuka mashamba ya miwa, na wakata miwa waliokuwa mbali huko waliweka chini mapanga yao kwa ajili yake. Mimi niliamini yote hayo na zaidi.

Na mimi nilijua sauti ilikotoka. Ilitoka kwenye yai.

Hili si jambo la ajabu kwetu. Wasoma kaswida wengi wa pwani wanalijua: kabla ya maulidi mtu hushusha yai bichi ili koo lilainike, mwengine na asali, mwengine na pilipili manga. Babu hakungoja maulidi. Kila alfajiri, kabla hajatoka, alikwenda kwenye banda la jiko ambako kuku walilala, akapenyeza mkono chini ya kuku mmoja mwekundu asiye na manyoya shingoni, tukimwita Kishingo, akatoa yai. Akalitoboa kwa ukucha wa kidole gumba, akalifyonza kichwa kikiwa nyuma, akalamba asali kidogo, akasema alhamdulillahi. Ganda alilitupa chini ya mpapai. Mimi nilikuwa nikiamka kwenda haja na bibi, nikawa namwona yote hayo kwa mwanga wa kibatari.

Sharti lake lilikuwa moja: yai liwe na joto. Bibi alikuwa na pakacha la kuwekea mayai ya siku, lakini babu hakulitaka la kwenye pakacha. Alisema la baridi ni la kupikia. Lenye uvuguvugu ndilo jipya, limetoka sasa hivi kwa kuku, uhai ungali ndani.

Sasa fikiria mtoto aliyesikia hivyo. Kuku wetu walipotaga walitetea, tena kwa kelele za kushtua nyumba nzima, na kwa akili yangu ilikuwa wazi kwamba wanalia kwa sababu wameibiwa kitu. Wametoa sauti yao wakaiweka ndani ya yai. Anayelimeza bichi, na joto lake, sauti inahamia kwake. Anayelichemsha ameiua. Ndiyo maana mimi, niliyekuwa nikipewa na bibi yai la kuchemsha lenye chumvi, yai gumu linalokauka mdomoni mpaka uombe maji, nilikuwa nikisoma madrasa kwa sauti ambayo hata aliyekaa ubavuni mwangu hakuisikia. Nilikuwa nakula mayai maiti. Nilisikitika lakini sikulalamika, nikaona ndivyo dunia ilivyogawanywa: babu ana kazi ya sauti, mimi sina.

Babu aliporudi kutoka msikitini alimkuta bibi uani anawasha moto. Aliegemeza fimbo, akauliza neno moja tu: "Imefika?"

Na bibi, bila kuinua kichwa kwenye moshi, alijibu: "Imefika."

Hapo ndipo babu alipokaa chini na kunywa chai. Walifanya hivyo miaka yote ya ndoa yao, na mimi niliona ni kama salamu, jambo lisemwalo asubuhi kama shikamoo na marahaba. Sikulifikiria mpaka nilipogundua jambo lililoniogopesha. Sikuwa nasikia adhana ya alfajiri. Nilikuwa macho, nimekaa kwenye kizingiti na mswaki wa mti mdomoni, bibi karibu yangu anatawadha, babu ameshatoka zamani, na kilichonifikia ni jogoo, mawimbi ya mbali na mbwa wa watu. Kisha babu anarudi, anauliza, bibi anasema imefika. Kwa hiyo ilikuwa imefika. Ambaye haikumfikia ni mimi.

Nilijipima. Nilimsikia bibi akisonga ugali nikiwa nyuma ya nyumba. Nilisikia nazi ikianguka. Ila adhana, hapana. Nikaona basi masikio yangu yana ugonjwa wa namna yake, ugonjwa wa adhana peke yake, na kwa mtoto wa madrasa, tena mjukuu wa mwadhini, hiyo ilikuwa aibu kubwa na labda dhambi. Nilikaa na hofu hiyo siku nyingi. Mwisho nilimwomba bibi anipe na mimi yai bichi. Aliniuliza la nini, nikamwambia masikio yangu hayasikii adhana ya babu, nalitaka liniponye.

Bibi alicheka mpaka akashika nguzo. Kisha akaacha kucheka, ghafla, akanitazama kwa muda. Akaniambia masikio yangu ni mazima, na kwamba neno hilo nisimwambie babu. Nikaelewa kwamba ni kweli ni aibu.

Siku zile kulikuwa na maneno msikitini, na watu wazima waliyasema kama vile watoto hawana masikio. Kwamba sauti ya mzee imeshuka. Kwamba watu wa upande wa miwa wanapitwa na sala. Kwamba wakusanye wanunue kipaza sauti cha betri, na adhana apewe Mwalimu Bakari, mwalimu wetu wa madrasa, kijana mwenye kifua. Hawakuwa watu wabaya. Walimheshimu babu, na kwa heshima hiyo walikuja mpaka uani kwetu kumwambia. Babu aliwasikiliza kwa upole wake, akawauliza kama wanajua nyumba yake iko wapi. Wakasema wanajua. Akawaambia: "Basi. Mke wangu, Mama Riziki, yuko mwisho kabisa wa kijiji, na inamfikia kila siku. Muulizeni."

Wakamgeukia bibi. Bibi alikuwa anachambua mchele. Alisema inafika. Wakaaga wakaondoka, na babu usiku ule alikuwa na furaha, akasema mayai ya Kishingo ni dawa na asiyeamini aje aone.

Lakini Kishingo naye alikuwa na mipango yake. Alianza kuatamia. Bibi alimwekea mayai ya kutosha, akayapiga kila moja mstari wa makaa ili kuku wengine wakija kutagia hapo ajue lipi la kuacha na lipi la kutoa. Akamwambia babu aanze kuchukua ya kwenye pakacha. Babu alisema sawa. Ila ya kwenye pakacha yalikuwa ya baridi, na mkono wake ulikuwa umezoea njia yake gizani.

Nikiwaza leo nashangaa sisi sote. Tuliishi na kuku uani, tulijua wanataga jua likishapanda, hakuna asiyejua. Yai lenye joto alfajiri haliwezi kuwa jipya. Lina joto kwa sababu limelaliwa. Joto lile babu alilolitafuta kama alama ya uhai ndilo lililokuwa likikuza kila uchafu ulioingia humo, na kadiri kuku alivyolikalia ndivyo lilivyozidi kuwa la hatari. Watu wa mjini wasiojua kuku wasingefanya kosa hilo, wangelichukua la kwenye pakacha. Ilihitaji mtu aliyezoea kuku maisha yake yote.

Yai la chini ya Kishingo alilinywa Ijumaa. Jumamosi usiku alirudi kutoka sala ya isha amejishika tumbo, na kabla hatujalala alikuwa anatapika. Kisha tumbo likamwendesha, kisha homa, kisha akawa haongei. Nilimwona bibi akimfunika kwa kanga zake zote na babu anazidi kutetemeka. Niliogopa sana. Sikuwa nimewahi kufikiri kwamba babu anaweza kufa; nilifikiri watu wanaokufa ni wale ambao babu huenda kuwazika. Kulipopambazuka jirani mwenye gari la kubebea nazi alimpakia juu ya magunia matupu, tukaenda hospitali.

Kabla ya kupanda gari bibi alikwenda chini ya mpapai, akainama, akaokota kitu, akakifunga kwenye pindo la kanga. Nilikiona hospitalini alipokifungua mbele ya daktari. Lilikuwa ganda la yai, na juu yake mstari wa makaa.

Daktari alikuwa mwanamke wa bara, mnene, mchangamfu, aliyechoka. Alimtundikia babu maji, na siku babu alipoweza kuinua kichwa aliketi kitandani kwake akamweleza. Kwamba yai linaweza kuwa na wadudu wa maradhi ndani wala usiwaone, linang'aa, halinuki, na hata ganda lina kinyesi cha kuku. Moto ndio unaowaua. Kwamba kuku akilikalia anawazidisha. Na kwamba kama anataka nguvu, mwili unafaidi zaidi yai lililopikwa kuliko bichi, lile bichi sehemu kubwa linapita tu. "Mzee, hiyo mayai mbichi wachana nayo kabisa," alisema. "Chemsha mpaka ikuwe ngumu, ndio ukule. Umri yako haiwezi mchezo hiyo."

Babu alimshukuru, akamwombea dua ndefu. Kisha akasema kwa ile sauti yake ya kusogelewa: "La kuchemsha ni chakula, binti yangu. Mimi nilikuwa natafuta dawa."

Tulirudi nyumbani naye amekuwa mwepesi hata bibi aliweza kumshusha garini peke yake. Sauti ndiyo iliyobaki hospitali. Aliongea kwa kukwaruza, mwisho wa sentensi ikawa hewa tupu. Kwangu mimi hilo lilikuwa ushahidi. Amenyimwa yai bichi, sauti imekata. Hata mwalimu wa hesabu asingelithibitisha vizuri zaidi. Bibi akamletea yai la kuchemsha, limemenywa, chumvi pembeni, babu akakisukuma kisahani. Kesho yake hivyo hivyo. Alitaka lile lake, hata la baridi, la kwenye pakacha, alikuwa tayari kulegeza sharti. Bibi akakataa. Akawa anakula uji tu na kukonda, na bibi akawa anakula yale mayai kwa hasira, mbele yake.

Siku moja jioni babu alimwambia kwamba kumnyima ni kumzika akiwa hai, maana kipaza sauti kitanunuliwa kweli sasa. Akamwambia dawa ile ilimfaa, na shahidi ni yeye bibi mwenyewe, kila alfajiri amesema imefika.  Bibi alitia kuni kwenye moto ambao haukuhitaji kuni.

Alfajiri iliyofuata Mwalimu Bakari, aliyekuwa akishika zamu ya babu, alipanda juu ya ukuta mdogo wa birika la kutawadhia badala ya kusimama chini, sijui kwa nini, labda kwa ajili ya upepo. Nilikuwa nimelala. Nikaisikia. Ilikuja juu ya mikorosho, kila neno mahali pake, ikaingia chumbani. Niliruka kitandani nikakimbilia ukumbini ambako babu alilala kwa ugonjwa wake, na bibi ameketi karibu naye, nikawapa habari njema. Niliwaambia masikio yangu yamepona. Niliwaambia siku zote nilikuwa sisikii adhana ya alfajiri, hata mara moja, na leo nimeisikia.

Nilingoja wafurahi. Babu alimtazama bibi. Alimtazama mpaka Bakari akamaliza.

"Mtoto huyu hasikii?" aliuliza.

"Anasikia," alisema bibi.

Halafu akasema yaliyobaki. Sijasahau hata neno, ingawa maana yake kamili niliipata nikiwa mtu mzima.

"Haifiki, Baba Riziki. Tangu pepo za kaskazi za mwaka juzi haijafika hapa. Anayeniamsha mimi ni jogoo."

Babu alifumba macho. Nilidhani amelala. Kisha akasema kwa ule mkwaruzo: "Kwa hiyo mayai yale nimekuwa nikiyanywa kwa neno lako."

"Ndiyo. Na neno langu limekaribia kukuua, ndiyo maana nalirudisha." Alikuwa analia lakini sauti yake ilikuwa imara. "Mimi niliolewa na sauti ile, na siku hizo hukuwa na hata kuku. Haikutoka kwenye yai, mume wangu. Yai halitairudisha. Lakini wewe nakutaka."

Nilisimama pale na habari zangu njema zimeniharibikia mkononi, sijui nimevunja nini. Babu alinyoosha mkono. Si kwangu, kwenye kisahani. Yai la jana yake lilikuwa bado pale limefunikwa, akalishika akalila, kavu, bila chumvi, akitafuna polepole kwa meno yake machache, na machozi yanaingia ndevuni. Nilimwangalia shingo. Nilikuwa nangoja kuona sauti ikifa. Alimeza, akaomba maji, na mambo yakaendelea.

Alipopata nguvu alirudi msikitini. Bakari, Mungu amlipe, alimwachia alfajiri na kushika sala nyingine, akisema yeye alfajiri hulemewa na usingizi, uongo wa adabu. Kipaza sauti hakikununuliwa mwaka ule. Walio karibu walimsikia babu, na walio mbali waliamka kwa jogoo kama bibi. Lakini nyumbani kulikuwa na pengo. Babu akirudi aliegemeza fimbo, akakaa, akanywa chai. Hakuuliza. Bibi alikuwa anaokota neno la kusema halafu analiacha. Asubuhi zile zilikuwa nzito, na mimi, niliyekwisha kujua kwamba masikio yangu hayakuwa na kosa, nilitamani kama yangekuwa nalo.

Halafu bibi akaanza kwenda kisimani mapema. Babu akishatoka tu, alijitanda kanga, akachukua ndoo, akaniambia nifuate. Ndani kulikuwa na ndoo nyingine ya maji, imejaa, nilimwonyesha; akasema hayo ni ya jana. Tulipita mikorosho, umande unatulowesha miguu, tukafika kisimani, naye akakaa juu ya jiwe la kufulia bila kutumbukiza ndoo. Nikaketi pia. Mara ya kwanza tulikaa hatukusikia kitu ila vyura. Asubuhi ya pili akasogea zaidi, tukakivuka kisima, mpaka kwenye mgomba wa mwisho wa shamba la jirani. Na hapo ikatufikia. Ilikuwa nyembamba, inakatika katikati na kuunganika, sauti ya mzee anayepanda ngazi. Lakini ilikuwa yeye. Bibi aliweka mkono begani kwangu, akaitikia kila neno kwa midomo tu mpaka mwisho.

Tulirudi haraka, na alipoingia babu uani bibi alikuwa ameshawasha moto. Babu aliegemeza fimbo. Akakaa. Bibi akasema bila kuulizwa:

"Imefika."

Babu aliinua uso kwa ghadhabu kidogo, na ilikuwa mara yangu ya kwanza kumwona hivyo. Alidhani ni ule uongo umerudi. Kisha akaona pindo la kanga ya bibi limelowa umande mpaka magotini, na manyasi ya ile njia yamenasa, na miguu yangu mimi imejaa mchanga mweusi wa kisimani.

"Mpaka wapi?" aliuliza.

"Mpaka nilipokuwa," alisema bibi.

 Babu akaomba yai lake, akasema lichemshwe sana, daktari amesema mpaka liwe gumu.

Bibi aliendelea kwenda huko asubuhi zote, na kadiri miaka ilivyokwenda ndivyo alivyosogea, mpaka mwisho alikuwa anaswalia karibu na ukuta wa msikiti, na swali lao lilikuwa limerudi mahali pake. Sina hakika kama bibi aliwahi kuacha kuyachukia mayai.

Hayo yote nilimsimulia Rama, naye alinisikiliza amesimama, halafu akakaa sakafuni. Nilimuuliza swali ambalo babu hakuulizwa na mtu: anaogopa nini hasa. Alikwepa, akachezea simu, mwisho akasema. Mkataba wake hotelini unaisha mwezi huu, wanapunguza watu, na yeye akibeba masanduku mazito mikono inamtetemeka mbele ya meneja. Wenzake wana vifua. Hakuwa amemwambia mtu.

Sikumpa hotuba ya wadudu. Mengine nilikwisha kumwambia ndani ya hadithi, na yeye ana simu, atasoma. Nilichemsha mayai manne, nikaacha yakakaa motoni mpaka nikaridhika, tukala kwa chumvi. Aliniuliza kama sauti ya babu ilirudi. Nikamwambia haikurudi. Alifikiri kidogo, akachukua yai la pili.

Kesho ana zamu ya alfajiri. Nimemwambia nitaamka nimchemshie, kisha nimsindikize mpaka kwenye geti la hoteli. Amesema ni mbali, na hakuna haja.

Nimemwambia najua.